Injini Isiyo na Jina: Kuitambua Pamoja na Giaboksi Yake Kabla ya Kuitia Kwenye Pikapu ya Zamani

Mwenye Hilux ya zamani, Datsun, Isuzu KB au Land Cruiser ya 45 iliyokufa injini huishia Nairobi, Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado huiita Grogan, au Industrial Area kwenye mabohari ya vipuri vya ex-Japan, yaani vilivyotumika Japani. Huko atakuta injini imekalishwa juu ya tairi, imepulizwa rangi ya fedha na kufungiwa giaboksi, na muuzaji ameshaitaja jina kabla hajaulizwa. Jina hilo lichukulie kama bei ya kwanza, yaani mwanzo wa mazungumzo. Huu ndio mji ambao matatu ya abiria 14 huitwa nissan hata ikiwa Toyota.

Unatafuta ushahidi wa aina tatu: maandishi yaliyo kwenye chuma, umbo la injini, na vipimo. Vitatu vikikubaliana, umeijua. Viwili vikigombana, kipimo ndicho hakimu. Giaboksi nayo ichunguze peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kuikuta imefungwa kwenye injini si cheti cha ndoa, kwa sababu wauzaji huunganisha chochote kinachokubali bolti nne ili mzigo uuzike kwa pamoja.

Beba hivi: brashi ya waya ya mkono, nusu lita ya mafuta ya taa, chaki nyeupe, tochi, kalipa ya kupimia hadi mm 150, rula ya chuma ya sm 30, spana ya kuzungushia puli ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni (mara nyingi 19 hadi 30, kwa hiyo beba soketi), kalamu nyeupe ya kuwekea alama, na karatasi ngumu. Mfuko wa saruji uliokung'utwa unatosha.

Soma chuma kwanza

Osha ubavu wa bloku kwa mafuta ya taa na brashi. Usimruhusu kijana wa kibanda akusaidie kwa grainda, hata akiwa na nia njema. Namba iliyoguswa na grainda imekufa, na maelezo yake utakuja kuyatoa wewe. Namba ya injini huwa imegongwa, maana yake herufi zimezama kwenye chuma, juu ya kipande bapa kilichonyolewa kwa mashine. Tafuta ubavuni chini kidogo ya mstari wa hedi (kichwa kinachofunika silinda), kisha nyuma karibu na uso ambapo giaboksi hufungiwa. Ukiipata, paka chaki juu yake, pangusa kwa kiganja ili chaki ibaki ndani ya herufi tu, kisha mulika tochi kutoka ubavuni, si usoni. Piga picha mbili: moja ya karibu, nyingine inayoonyesha namba ikiwa mahali pake kwenye injini nzima.

Injini za Japani zina adabu hapa. Toyota huanza na jina la familia, kisha tarakimu: 2L, 3L, 22R, 1HZ. Isuzu hugonga 4JA1 au 4JB1 na namba baada yake. Nissan ni TD27, QD32, SD22. Jina likisomeka wazi, robo tatu ya kazi imekwisha.

Usichanganye namba hii na maandishi yaliyoinuka. Herufi zilizotokeza juu ya chuma zilitoka kwenye kalibu ya kiwanda cha kuyeyushia, nazo hutaja kipande cha chuma tu. Bloku moja iliyotoka kwenye kalibu inaweza kutobolewa kwa vipenyo tofauti. Maandishi hayo ni shahidi mzuri, lakini hayatoshi kukupa cc (ukubwa wa injini), na mtu akiyanakili kwenye risiti kama namba ya injini, karatasi hiyo haitakufaa ofisini.

Angalia pia kile kipande bapa chenyewe. Kikiwa na mikwaruzo mipya inayoelekea upande mmoja, au tarakimu moja imekaa chini kuliko wenzake, au kuna ulehemu uliolainishwa, acha hapo. Usijadili bei. Injini ya aina hiyo haina bei nafuu.

Hedi usiihesabu kama kitambulisho hata kidogo. Hedi za familia ya L za Toyota zina sifa ya kupasuka zikichemka, na nyingi zimeshabadilishwa. Kifuniko cha valvu ndiyo kabisa, hicho huhama kutoka injini hadi injini kama sufuria ya jirani.

Umbo

Namba isiposomeka, anza na swali moja: kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, inazungushwa na nini? Kifuniko cha mbele cha plastiki au bati jepesi huficha beliti ya meno. Kifuniko kizito cha chuma au alumini, chenye mafuta ndani, huficha gia au mnyororo. Beliti: dizeli za Toyota L, 2L, 3L na 5L, pamoja na 1HZ. Gia, na kamshafti iliyo chini kwenye bloku ikisukuma valvu kwa fimbo: Nissan TD27 na QD32, Isuzu 4JG2, Toyota B, 3B na 2H. Mnyororo: 22R ya petroli. Kwa jibu hilo moja tu umeshatenganisha 3L na TD27, ambazo kwa macho ya haraka, zikiwa zimepakwa rangi moja, huuzwa kwa majina ya kubadilishana.

Swali la pili ni namna noseli, zinazonyunyiza dizeli, zilivyofungwa. Noseli iliyokazwa kwa uzi wake mwenyewe kama bolti nene ni dalili ya injini yenye chumba kidogo cha kuchomea ndani ya hedi. Ndivyo zilivyo 2L, 3L na 5L. Noseli nyembamba iliyokandamizwa na kishikizo na bolti pembeni ni dalili ya dizeli inayonyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni, kama 4JA1 na 4JB1. Kumbuka jibu hili, litahitajika kwenye vipimo.

Swali la tatu ni pampu ya dizeli. Pampu yenye mkono wa kebo ya eksileta na mabomba tu inajitegemea. Ukiipa dizeli na umeme wa kuzimia, itawaka. Pampu isiyo na mkono, yenye soketi ya waya nyingi, ni ya kompyuta. Mfano ulio wazi ni 1KZ-TE ya Prado na Hilux Surf. Injini ni tamu, ya cc 2982, lakini bila kompyuta yake, waya zake zote na sensa zake, ni chuma cha kilo. Muuzaji akisema waya zitapatikana, mwambie zikipatikana utarudi.

Vipimo, pale ubishi unapoishia

Cc za injini hupatikana hivi: kipenyo cha silinda mara kipenyo mara mwendo wa pistoni (umbali wake kutoka juu kabisa hadi chini kabisa), mara 0.7854, mara idadi ya silinda, vipimo vyote vikiwa kwa sentimita. Toyota 3L ni 9.6 × 9.6 × 9.6 × 0.7854 × 4, yaani 2779.

Watu wengi hupima kipenyo peke yake, na hapo ndipo wanapouziwa. Tazama namba hizi, kipenyo kikitangulia na mwendo ukifuata, kwa milimita. Toyota: 2L ni 92 kwa 92, 3L ni 96 kwa 96, 5L ni 99.5 kwa 96. Nissan: TD27 ni 96 kwa 92, QD32 ni 99.2 kwa 102. Isuzu: 4JA1 ni 93 kwa 92, 4JB1 ni 93 kwa 102, 4JG2 ni 95.4 kwa 107. Kwa hiyo kipenyo cha 96 hakikuambii kama ni 3L au TD27. Kipenyo cha 93 hakitenganishi 4JA1 ya cc 2499 na 4JB1 ya cc 2771, nazo zinafanana kama mapacha. Mwendo nao peke yake hautoshi: 96 ni 3L na 5L vilevile. Pima vyote viwili.

Silinda iliyotobolewa upya huongezeka mm 0.5 au 1. Ukipata 96.5 au 97 hiyo bado ni 3L, imeshafunguliwa mara moja au mbili; haiwezi kufika 99.5 kwa kutobolewa. Silinda iliyolika hudanganya zaidi juu, pale pete ya kwanza inapogeukia. Chini ya silinda hakuliki sana, kwa hiyo hapo ndipo pa kupima ukipata njia.

Kupima mwendo bila kufungua hedi hutegemea lile jibu la noseli. Kwenye injini ya petroli, toa plagi, ingiza waya mnene wa kulehemu usiokatika, na zungusha krenki kwa soketi kwenye puli, kwa mwelekeo wa mshale wa saa ukiwa umesimama mbele ya injini. Weka alama pistoni ikiwa juu kabisa, na nyingine ikiwa chini kabisa. Tundu la plagi likiwa la mshazari, kipimo kitazidi kidogo, kwa hiyo utapata makadirio tu. Kwenye 4JA1 au 4JB1 tundu la noseli linafika chumbani, lakini angalia pistoni ina bakuli katikati, na waya lazima uguse mahali palepale mara zote mbili. Kwenye familia ya L usijisumbue. Waya utagonga ukuta wa chumba kidogo na utarudi nyumbani na namba ya uongo.

Njia iliyo bora, na inayofaa kila injini, ni kutokea chini. Mwombe muuzaji afungue sampu (bakuli la mafuta chini ya injini), ulipie silikoni ya kuifungia. Laza injini ubavu, au iinue kwa mnyororo. Chagua kikombe kimoja cha chini cha konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki). Laza rula ya chuma juu ya ukingo wa bloku pale sampu inapokaa, na upime umbali kutoka kwenye rula hadi kitako cha kikombe pistoni ikiwa juu kabisa. Zungusha nusu mzunguko, pima tena pistoni ikiwa chini kabisa. Kikombe kikitokeza nje ya ukingo, jumlisha vipimo viwili badala ya kutoa. Jibu ni mwendo halisi, kwa sababu konrodi imesimama wima mara zote mbili. Faida ya pili: sampu ikiwa wazi utaona kama kuna unga wa shaba chini yake. Muuzaji anayekataa kabisa kufungua bolti 20 za sampu amekujibu swali ambalo hukumuuliza.

Ukipata nafasi ya kupima kompresheni, kumbuka Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Geji itasoma pungufu ya kitabu kwa karibu moja ya sita hata injini ikiwa nzima. Linganisha silinda kwa silinda.

Mambo yanayokwamisha injini sahihi

Unaweza kuitambua 3L bila shaka yoyote na bado isikae. Iliyotoka kwenye Hiace ililazwa mshazari chini ya viti. Sampu yake, bomba la kunyonyea mafuta na mikono ya mauntingi si vya Hilux. Angalia kina cha sampu kiko mbele au nyuma, ukilinganishe na mahali ekseli ya mbele au fimbo za usukani zinapopita kwenye pikapu yako. Sampu inabadilishika ndani ya familia moja, lakini bei yake iingize mapema.

Soma kibandiko cha stata. Nyingi za injini za malori madogo, na za Land Cruiser kutoka Japani, ni za volti 24. Stata ya 24 kwenye betri ya 12 huzunguka kwa uvivu, na plagi za hita za 24 hazipati moto asubuhi. Kinyume chake, plagi za 12 kwenye 24 huungua mara moja, na wakati mwingine ncha yake hudondokea ndani.

Injini za ex-Japan mara nyingi zilikuwa na giaboksi ya otomatiki. Ukiona nyuma ya krenki kuna bati jembamba badala ya fulaiwili nzito (gurudumu la chuma linalobeba klachi), utahitaji fulaiwili, bolti zake (za bati huwa fupi, usizitumie), klachi nzima, na ile beringi ndogo inayokaa katikati ya krenki kushika ncha ya shafti ya giaboksi. Beringi hiyo ndiyo husahauliwa. Bila hiyo shafti huyumba, na giaboksi huanza kulia ukiwa umekanyaga klachi.

Giaboksi

Ifungue kutoka kwenye injini. Tafuta kibati au herufi ubavuni, lakini kwa giaboksi maandishi hupotea haraka, kwa hiyo tegemea kuhesabu.

Weka alama nyeupe kwenye shafti ya kuingilia na nyingine kwenye ya kutokea. Tia gia ya nne. Kwa pikapu nyingi za miaka hiyo, shafti zote mbili zitazunguka pamoja, moja kwa moja. Hiyo ni kuhakikisha tu kwamba hujakosea gia. Sasa tia gia ya kwanza, zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono, ukihesabu hadi ya kutokea imalize mizunguko 10 kamili. Kama kuna transfa (kasha linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), iweke kwenye gia ya juu. Ukipata mizunguko 39 na nusu hivi, hiyo inalingana na W56 ya Toyota, ambayo gia yake ya kwanza ni 3.95. Kama 43, ni R151F ya Surf na Prado za turbo, 4.31. Zaidi ya 48, ni H55F ya Land Cruiser, 4.84. Mizunguko 10 ni muhimu, kwa mmoja tu tofauti ya W56 na R151F hupotea kwenye ulegevu wa meno.

Kuna majina yanayojieleza kwa kalipa. Kwenye FS5W71 ya Nissan, 71 ni umbali kwa milimita kati ya shafti kuu na shafti ya pembeni. LT77 ya Land Rover ni hivyohivyo, 77. R380 iliyoirithi haifuati mtindo huo: 380 ni nguvu ya kuzungusha inayoweza kubeba, kwa nyutoni mita. Transfa ya LT230 inarudi kwenye umbali, mm 230.

Hesabu meno ya shafti ya kuingilia na upime kipenyo chake kwa nje. Namba hizo mbili ndizo utakazopeleka dukani kutafuta pleti ya klachi: kipenyo cha pleti kinatoka kwa fulaiwili, meno ya katikati yanatoka kwa giaboksi. Halafu tazama belhauzi, kasha linalofunika klachi na kufungwa kwenye injini. Kwenye W na R za Toyota hufunguka kutoka ndani, kwa hiyo belhauzi ya injini nyingine inaweza kukusaidia. Kwenye FS5W71 imeungana na kasha lenyewe, hakuna cha kubadilisha. Giaboksi ya Hiace iache hata ikiwa mpya, maana lever yake huja kwa viungo kutoka mbali na mkia wake si wa pikapu.

Kwa pikapu ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, kagua transfa inatolea propela ya mbele upande gani. Hilux za ekseli nzima zina difu ya mbele kushoto. Land Cruiser za 40 na 45, na Land Rover za Series, ziko kulia. R151F na transfa yake ya Hilux chini ya Land Cruiser ya 45 itaelekeza propela mahali pasipo na difu. Kosa hili hugunduliwa kila kitu kikiwa kimeshafungwa.

Kuona kama zitaoana

Bandika mfuko wa saruji kwenye uso wa nyuma wa injini na uugonge polepole kwa kichwa cha nyundo ya mviringo kuzunguka kila tundu na kila pini, mpaka karatasi ikatike kwenye kingo. Toa tundu la krenki katikati pia. Una kiolezo cha kutembea nacho kibanda hadi kibanda. Pini mbili za kuongoza ndizo zenye neno la mwisho. Bolti zikikubali na pini zikakataa, jibu ni hapana.

Pima pia urefu. Laza rula kwenye mdomo wa belhauzi, soma ncha ya shafti iko ndani au nje kwa kiasi gani. Fanya vivyo hivyo kutoka uso wa nyuma wa injini hadi beringi ya krenki na hadi mwisho wa tundu. Ncha inapaswa kuingia upana wote wa beringi na kubakiza mm 2 au 3 kabla ya mwisho. Ikigota na fundi akaivuta kwa bolti, krenki husukumwa mbele na vibao vyake vya kuzuia huliwa ndani ya muda mfupi. Belhauzi ikibakiza mwanya wa milimita chache bila kutaka kufunga kwa mkono, usikaze. Toa, pima tena.

Kuchongewa pleti ya kuunganishia inawezekana hapa mjini, lakini mchongaji lazima awe na leth na geji ya saa. Kitovu cha shafti na kitovu cha krenki visipishane zaidi ya mm 0.13. Pleti iliyotobolewa kwa drili ya mkono hukaa vizuri, huwaka vizuri, halafu gia huanza kuruka na kitovu cha pleti ya klachi kupasuka.

Karatasi

Logibuku, yaani cheti cha usajili wa gari, inabeba namba ya injini, cc na aina ya mafuta, kwa hiyo kubadilisha petroli ya cc 1600 kuwa dizeli ya 2779 ni mabadiliko ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, si ya gereji tu. Dai risiti yenye namba ya injini iliyoandikwa kama ilivyogongwa, herufi kwa herufi, pamoja na nakala ya karatasi za forodha kama ni ya kutoka nje. Ombi huingizwa kupitia eCitizen na gari hukaguliwa. Kabla ya kuishusha injini kwenye chesisi, weka grisi nyembamba juu ya ile namba uliyoipaka chaki, na uangalie stata, bomba la moshi au mauntingi mpya haitaifunika, kwa sababu mkaguzi wa kituo cha ukaguzi cha Likoni Road ataitafuta kwa tochi kutokea juu, bila kufungua kitu.